Maji Hayachapwi

Kwetu, upande wa Chemba, nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa moto kwa jirani, kulikuwa na kosa moja ambalo Bibi hakulisamehe. Ungevunja chungu, angenung'unika kidogo akanyamaza. Ungezubaa mbuzi wakaingia kwenye uwele wa watu, ungechapwa na yakaisha. Lakini akikuona umeshika kijiti unapigapiga maji, hata yale ya kidimbwi cha uani baada ya mvua, alikuja mbio khanga ikimdondoka, akakunyang'anya kile kijiti na kukivunja.

"Maji hayachapwi," alisema. "Mvua ina haya kama mkwe. Ikiona maji yake yanachapwa, inageuza uso inapita kwingine."

Niliamini, na sina hakika kama nimeacha. Leo naishi Area D, Dodoma mjini, nyumba ina bomba, lakini mwanangu akipiga maji ya ndoo kwa mwiko, mkono wangu humzuia kabla akili haijafika.

Baba aliporudi kutoka Mufindi nilikuwa darasa la tatu. Alikuwa ameondoka nikiwa mdogo mno kumkumbuka, akaenda kufanya kazi kwenye shamba la chai. Huko mito ni ya baridi na ndani yake kuna samaki waitwao trauti, walioletwa zamani na Wazungu. Wageni walikuwa wakija kuwavua, si kwa njaa bali kwa raha yao. Baba alianza kwa kuwabebea mizigo. Baadaye akawa yeye ndiye anayewaonyesha samaki wamelala wapi. Kisha shamba likabadilisha mmiliki, na mmiliki mpya hakutaka wageni mtoni. Baba akarudi kwao na blanketi, sufuria mbili, na fimbo ya kuvulia aliyoachiwa na mgeni mmoja mzee. Ilikuwa nyembamba, ya vipande vinavyochomekana, na ilikaa kwenye mfuko wake wa kitambaa cha kijani. Aliichomeka juu, kati ya boriti na mabati, mahali ambapo watu wengine huweka Msahafu.

Mto wetu ni Bubu. Kiangazi huwa mchanga mtupu, watu wanafukua visima humo humo mchangani, lakini chini ya miamba, mwendo mfupi kutoka kwetu, palikuwa na dimbwi kubwa lisilokauka. Perege na kambale walijificha humo wakisubiri mto urudi. Wanaume wa kijiji walivua kwa kukaa: ndoana, mnyoo, na subira. Baba hakutumia mnyoo. Alichukua ndoana ndogo sana, akaifungia nyoya la kanga na manyoya ya mbuzi kwa uzi, akazungusha na kuzungusha mpaka ikawa inzi. Kazi yangu ilikuwa kumwokotea manyoya ya kanga, na aliyakagua moja moja kwenye mwanga kama fundi cherehani anayekagua kitambaa.

"Samaki haoni ndoana," aliniambia. "Anaona mdudu kaanguka. Kwa hiyo lazima aanguke kama mdudu, siyo kama jiwe."

Na ili aanguke kama mdudu, Baba alisimama majini hadi magotini, akaurusha mshipi mbele na nyuma juu ya kichwa chake, mbele na nyuma, kisha akauachia ulale juu ya maji. Mimi niliyekaa karibu nilimwona mtu anayeandika kitu hewani kwa mkono mwepesi. Sijawahi kuona mwanamume wa kwetu akifanya jambo lolote kwa upole namna ile. Ila ukiwa mbali, kwenye njia ya juu wanakopita watu na mifugo, mshipi hauonekani. Unachoona ni mtu mwenye fimbo anachapa mbingu, halafu anachapa maji.

Bibi ndiye wa kwanza kusema. Alikuja dimbwini akasimama na ndoo yake.

"Issa, hicho unachofanya ni nini?"

"Navua, mama."

"Watu wanavua wamekaa. Wewe unachapa."

Baba akacheka, akatoka majini, akamwekea mshipi kiganjani auone ulivyo mwepesi. Akamwonyesha inzi. Bibi alimgeuza geuza kwa kidole, na nadhani kwa kitambo kidogo alipendezwa.

"Mimi nimeelewa," alisema. "Lakini mimi siyo kijiji. Mvua ikikosa mwaka huu watatafuta mkono ulioifukuza, na mkono wako unaonekana kutoka mbali."

"Mama, hayo ya zamani."

"Njaa nayo ya zamani?"

Kiangazi kile hakuna aliyelalamika. Baba alipata samaki kuliko wote, na hakuwa mchoyo. Kila nyumba ya jirani ilipata mchuzi. Hata Mzee Hamisi, aliyesimamia mambo ya mvua pale kijijini, alipelekewa kambale mkubwa, na mimi ndiye niliyempelekea. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akampima samaki kwa macho, akasema, "Mwambie baba yako mkono wake una baraka."

Kisha mwezi wa mvua ukafika bila mvua. Watu walikuwa wamepanda mbegu kwenye udongo mkavu, kama kawaida yetu, wakitegemea matone ya kwanza. Mbegu zikaliwa na kanga na panya. Wakapanda tena. Mawingu yalijikusanya mchana, meusi, yenye ahadi, na jioni yakaondoka kuelekea Singida. Tulisali sala ya mvua uwanjani, viganja vimegeuzwa chini, watoto mbele. Haikunyesha. Wazee wakachinja kondoo mweusi pale miambani. Haikunyesha. Baada ya hapo hakukuwa na kitu kingine cha kufanya isipokuwa kutazamana.

Mzee Hamisi alikuja na wenzake wawili mchana. Walikaa kwenye mkeka chini ya upenu, wakanywa maji, wakaulizana hali. Baba aliwasikiliza akiwa ameinamisha kichwa kwa adabu.

"Hatusemi umefanya kwa ubaya, Issa," alisema Mzee Hamisi. "Umekaa ugenini, umesahau. Ivunje ile fimbo pale dimbwini, mbele ya watu, kwa mkono wako. Basi."

"Nilivua kiangazi chote, mzee, na mkala. Mbona hamkusema?"

"Tulikuwa hatujui."

"Na Haneti? Nasikia nako hakujanyesha. Huko nani anachapa maji?"

"Mvua ni moja. Ukiikosea hapa, inawanunia na wale."

Baba aliinua kichwa. Kisha akasema maneno ambayo nilikuja kuyaelewa nikiwa mtu mzima. "Kuvua nitaacha leo, mzee wangu. Sitakanyaga pale mpaka mniruhusu wenyewe. Lakini nikiivunja kwa mkono wangu mbele ya watu, nitakuwa nimesema ni mimi. Na siyo mimi."

Waliondoka bila kumaliza maji.

Hakuna aliyetupiga wala kututukana. Afadhali wangetutukana. Mama alipofika kisimani mchangani, wanawake waliacha mazungumzo wakasubiri achote aondoke, kisha ndipo wakaendelea. Ng'ombe wa jirani alikufa kwa kukosa malisho, mzoga wake ukaburutwa ukaachwa upande wa boma letu. Shuleni niliitwa binti wa mchapa mvua, na rafiki yangu Mwasiti, tuliyekuwa tukigawana embe moja, akahamia dawati lingine. Mdogo wangu, aliyezaliwa Baba alipokwisha kurudi, alikuwa angali ananyonya. Maziwa ya Mama yakapungua. Siku moja alimfunga mgongoni, akaaga kwa sauti ya chini, akaenda kwao Kondoa.

Baba alivumilia kwa muda, kisha akaenda kumfuata. Tukabaki mimi na Bibi.

Asubuhi iliyofuata Bibi alipanda juu ya kinu, akanyoosha mkono kwenye boriti, akashusha ule mfuko wa kijani. Hakunificha. Alijifunga khanga vizuri, ile ya kwendea msibani, akasema twende. Tulipofika kwa Mzee Hamisi alipiga goti na kuuweka mfuko chini.

"Mwanangu amekubali," alisema. "Kaona aibu kuja mwenyewe. Ameniagiza niilete."

Nilimtazama. Yeye hakunitazama. Bibi yule alikuwa hajapata kusema uongo hata kwa mgonjwa.

Watu waliitwa, wakaja dimbwini. Mzee Hamisi alijaribu kuivunja gotini, ikajipinda ikarudi. Akajaribu tena. Ilikuwa imetengenezwa kwa kujipinda, na kila ilipojinyoosha watu walirudi nyuma hatua, kana kwamba ni hai na ina ubishi. Mwishowe waliilaza juu ya mwamba wakaikata kwa panga. Vipande vikatupwa majini. Bibi alisimama wima muda wote. Aliporudi nyumbani alijilaza na hakula.

Kesho yake alasiri mvua ilinyesha.

Ninajua cha kusema hapa. Mawingu yalikuwa yamejikusanya kwa siku nyingi, upepo ulikuwa umegeuka, na ingenyesha hata kama fimbo ingekuwa bado kwenye boriti. Nimesoma, na huwa najisemea hivyo. Lakini nilikuwepo. Niliona mvua ikija kutoka upande wa miamba kama ukuta, nikasikia kijiji kizima kikipiga vigelegele kwa mpigo, na mimi mwenyewe nilikimbilia nje mdomo wazi.

Baba na Mama waliingia katikati ya mvua hiyo, wakitokea barabarani kwa miguu, mtoto akiwa amefunikwa khanga mbili. Baba alikuwa anacheka. Kwake ile mvua ilikuwa ushahidi: imekuja yenyewe, fimbo ipo nyumbani, hakuna aliyeivunja. Alipita nyumba baada ya nyumba, na wanawake walewale wa kisimani walitoka kwenye upenu wakampungia. "Ahsante, Issa. Mungu akujaalie." Mwasiti alimletea Mama bakuli la unga, kifuniko juu ili usilowe. Baba aliinua mkono kuwajibu, uso umemng'aa, hata alipofika mlangoni kwetu akiwa anachuruzika maji.

"Mama," aliuliza, "watu wananishukuru nini?"

Bibi alimwambia. Hakuzunguka. "Fimbo nimeipeleka mimi, imekatwa. Nimesema umenituma wewe." Baba aliangalia kwenye boriti, akabaki ameangalia pale muda mrefu. Mvua ilipiga bati kwa kelele kiasi kwamba alipozungumza nilimsoma midomo zaidi ya kumsikia.

"Sasa nitawaambia nini?"

"Usiwaambie kitu. Kaa na watu."

"Isingenyesha, ningekuwa na la kusema."

"Isingenyesha," alisema Bibi, "usingekuwa na wa kumwambia."

Mwaka ule tulivuna vizuri. Mama alirudi kwenye kundi la wanawake kana kwamba hakuna kilichotokea, na mimi na Mwasiti tulirudi kukaa dawati moja. Baba alilima, akapalilia, akavuna. Lakini tangu siku ile kati yake na mama yake yalibaki maneno mawili tu. Asubuhi alisimama mlangoni kwake akasema, "Shikamoo, mama." Akajibiwa, "Marahaba." Hakukosa hata siku moja, na hakuongeza neno. Baadaye alipata kazi ya ulinzi Dodoma mjini akatuhamisha, na kila akienda kijijini ilikuwa hivyo hivyo. Bibi alipolala kitandani kwa mara ya mwisho tulikuwapo sote. Alimshika mkono akamwambia, "Nilikuokoa." Baba akasema, "Najua, mama." Nilingoja aongeze kitu. Hakuongeza.

Hakuvua tena. Niliwahi kumwuliza, nikiwa tayari nimeolewa, kama ningemnunulia fimbo twende naye bwawa la Hombolo. Alisema macho yake hayaoni tena uzi mwembamba. Jioni ile nilimkuta anatunga sindano bila miwani.

Tulimzika kijijini. Kabla ya udongo kurudishwa, mtoto wa Mzee Hamisi, ambaye sasa ndiye anayesimamia mambo ya mvua kama baba yake, aliomba aseme machache. Alizungumza kwa upendo, lazima niseme hivyo. Aliwaambia vijana kwamba marehemu alikuwa amekosea zamani kwa kutojua, kama binadamu yeyote, lakini alikuwa msikivu. Alipoambiwa alisikia, akaitoa fimbo yake mwenyewe, na Mungu akawanyeshea. "Igeni usikivu wake," alisema. Watu wakaitikia amin. Mama, tuliyekuwa tumesimama naye pembeni pamoja na wanawake, aliufinya mkono wangu mpaka nikaumia.

Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo tangu darasa la tatu. Lakini ningelisema, ningekuwa nafukia kaburi la Baba huku nafukua la Bibi, na wale watu waliotoka mbali kuja kutuzikia wangeondoka na nini? Nikanyamaza, majembe yakaanza.

Kwa miaka mingi niliwachukia wazee wale, kisha nikamchukia Bibi, kisha chuki zote mbili zikachoka. Walikuwa watu wenye njaa wanaotafuta kitu cha kushika, na yeye alikuwa mama. Hayo nimeyasamehe. Ninachoshindwa kusamehe ni kwamba wao walimsamehe Baba. Walimsamehe jambo ambalo hakulifanya, kwa moyo mweupe kabisa, na maisha yake yote ilimbidi aipokee samahani ile kwa mikono miwili, na kusema ahsante.