Mbuzi wa Kutunzwa

Kabla ya kuwa mtu wa kuhurumia mbuzi nilikuwa mtu wa kuwauza. Miaka ya tisini nilikuwa dalali mnadani, na mbuzi wengi waliotoka Nanyamba na vijiji vya bondeni walipita mikononi mwangu kabla ya kufika kwa mchinjaji. Kazi ya dalali ni maneno. Mnunuzi akisema mbuzi ni mzee, mimi nasema ni mzoefu. Akisema amekonda, namwambia hana mafuta, na wewe kwa presha yako hiyo utakuja kunishukuru.

Wa kwanza kubaki nyumbani kwangu alikuwa mbuzi kipofu. Minada mitatu alikosa mtu, wa nne mwenyewe akaondoka bila kumfungua kamba. Nikampeleka Likombe, kwenye kiwanja changu chenye mikorosho sita. Nikahesabu tena, sita. Sikumhurumia, nisijisingizie. Nilitaka anenepe nimuuze. Lakini alipoanza kunitambua kwa kikohozi changu, akawa anakuja mpaka mlangoni akigonga nguzo kwa paji la uso, nikashindwa kumtafutia bei.

Habari zikaenea kwamba kuna mtu Likombe anapokea wanyama wasiotakiwa. Akaja punda aliyebebeshwa maji mpaka mgongo ukafunguka. Wakaja mbwa walioachwa na watumishi waliohamishwa, bata wa mama mmoja aliyekwenda kuishi kwa mwanawe Masasi, kondoo mwenye miguu mitatu. Jirani yetu, mwalimu kutoka bara, alipaita pale Kambi ya Wastaafu, na kila akipita aliuliza kama kiinua mgongo kimeshatoka. Mke wangu alinuna wiki mbili. Halafu nikamkuta anaosha kidonda cha punda kwa maji ya chumvi, anamwimbia kama anayemwogesha mtoto. Wakafika kumi na saba: mbuzi wanane, bata wanne, mbwa watatu, kondoo, punda. Kila asubuhi niliwahesabu kwa kwenda na kwa kurudi.

Nikaweka sharti: anayeingia hapa hatoki kwa kisu. Nililisema getini, nikalisema mnadani, nikalisema msibani hata pasipokuwa na aliyeuliza. Watu walitikisa kichwa, wengine kwa kunisifu, wengine kwa kunionea huruma, na mimi zote nilizipokea kama sifa.

Masika ya mwaka mmoja Ruvuma ilifurika. Mama mmoja mtu mzima wa Mahurunga alipoteza shamba la mpunga, nyumba na kuku wote. Alichotoka nacho ni mbuzi mmoja, jike jekundu, alilolipakia kwenye mtumbwi akalishikilia shingo mpaka nchi kavu. Akaja mjini kwa binti yake aliyepanga chumba karibu nasi, na mwenye nyumba akasema watu anapangisha, mbuzi hapangishi. Ndipo akaelekezwa kwangu.

Alisimama getini ameshika kamba kwa mikono miwili. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia ukubwani, Kimakonde kikiwa ndani yake kama mwenye nyumba. Aliniamkia, mimi niliyepaswa kumwamkia, kisha akasema:

"Mwanangu, nakutunza mbuzi huyu."

Anayejua Kiswahili cha pwani atakuwa ameshaelewa. Sisi watu wa Mikindani tukisema fulani kanitunza, maana yake kanipa zawadi. Bibi harusi anatunzwa, mpiga ngoma anatunzwa, unamtolea kitu chako na hukidai tena. Yule bibi alitaka kusema nimtunzie, nimwekee. Nilijua alichotaka kusema. Naandika hivi ili nisipate pa kujificha baadaye: nilijua palepale, kabla hajafunga mdomo.

"Nimetunzika, bibi," nikasema, nikacheka. Yeye naye akacheka kwa kuona nimefurahi.

Mke wangu alikuwa akipepeta pumba. Bibi alipoondoka, akaniambia nisimfanyie mwanamke wa watu mzaha, amekuja kuweka amana. Nikamwambia neno limetoka kinywani mwake mwenyewe, mimi sikumsemesha. Nilikuwa natania. Nadhani nilikuwa natania.

Siku kama kumi zikapita, akaja mfanyabiashara mmoja wa Mikindani. Alipata mtoto, anatafuta mbuzi wa akika, wa kumchinjia mwanawe. Mbuzi wa akika hatakiwi kuwa kilema, wala chongo, wala mwenye sikio lililokatika. Nilimwambia hapa hatuuzi, ila macho hayana kodi, aangalie tu. Akawazungukia wangu mmoja mmoja, huyu kipofu, huyu anachechemea, huyu pembe imevunjika.

"Bwana," akasema, "hapa umefungua wodi, si zizi."

Halafu akamwona yule mwekundu. Mzima kabisa, ngozi inang'aa, anatafuna majani ya viazi kwa adabu. Akataja bei. Nikasema huyo hauzwi. Akaongeza. Naujua mwili wangu, kuna kitu huamka ndani mtu akiongeza bei bila kuombwa. Nikamwambia atazame meno. Akatazama. Nikamwambia ahesabu tena.

Sikuwa na njaa siku ile, wala watoto wangu hawakuwa wagonjwa. Pumba ilikuwamo, gunia zima na nusu. Nilimuuza kwa sababu mabishano yalikuwa matamu, na kwa sababu kila sharti langu liliponijia, nilikuwa na jibu lake: sharti ni la waliookolewa, huyu hakuokolewa, huyu nimetunzwa. Nikarudia neno lile kichwani mpaka likawa hati ya mali. Mke wangu alikuwa kisimani. Aliporudi akahesabu, akahesabu tena, maana tabia hiyo alikuwa ameshaambukizwa. Alichukua ile kamba iliyobaki mtini akaikunja akaitia ndani.

Ijumaa iliyofuata yule bibi akaja na furushi la maganda ya muhogo. Alikuwa amekwenda nyumba kwa nyumba kuyaomba. Aliniamkia, akaniambia maji yameanza kushuka kule kwao. Mwezi ujao atarudi kujenga, na mbuzi wake atazaa hukohuko, kwani alipandwa kabla ya mafuriko. Hilo la mimba sikulijua. Meno tuliyahesabu mara mbili, tumbo sikulipapasa hata mara moja.

Nikamwambia mbuzi yuko malishoni.

"Basi nitamngoja," akasema.

Akaketi kwenye gogo. Mbuzi kipofu akamsogelea, bibi akampa ganda moja, halafu jingine. Adhuhuri ikaadhiniwa, nikaenda, nikaswali, sijui niliswali nini, nikarudi nikamkuta palepale. Mke wangu alimpelekea chai na kipande cha muhogo, akapita mbele yangu bila kunitazama. Kwa mara ya kwanza nilitamani mke wangu anipigie kelele. Alasiri ikaingia. Bibi akauliza, kwa upole tu, kama malisho ni mbali sana.

Nikakaa chini, mchangani, maana kwenye gogo pamoja naye nisingeweza. Nikamwambia hayupo. Akauliza kama amekufa. Nikasema nimemuuza. Kisha, na hili ndilo linaloniamsha mpaka leo nikiwa nimelala mchana, nikaongeza:

"Lakini bibi, wewe si ulinitunza?"

Nilijiandaa kwa matusi, na ningeyapenda, kwa sababu kwenye matusi mimi ni fundi, ningepata pa kushika. Yeye akawa anafikiri. Alikuwa anatafuta kosa, na hakulitafuta kwangu.

"Nilikosea kusema?"

Nikachora mchanga kwa kidole.

"Kiswahili changu kibovu, mwanangu. Nisamehe. Binti yangu ananiambia kila siku, mama, nyamaza, watu watakucheka." Akajifuta mikono kwenye khanga. "Ningesemaje?"

Nimejibizana na wachinjaji, na askari, na mtoza ushuru wa mnada. Hakuna kati yao aliyewahi kuniuliza swali kama lile. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema ungesema nitunzie.

"Nitunzie," akasema, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Nitunzie mbuzi." Akanitazama aone kama amepatia. Nikatikisa kichwa kwamba amepatia. Akanishukuru.

Maganda yaliyobaki aliwagawia wengine, akaondoka.

Siku ya mnada nilimnunulia mbuzi jike mwenye mimba. Safari hii nililipapasa tumbo, upande huu na upande huu. Nilitoa pesa yote ya yule mfanyabiashara, na ya juu yake, kwa sababu sikubishana, na muuzaji alinitazama kama mtu aliyepata homa. Nikampeleka mbuzi mwenyewe hadi kwenye kile chumba cha kupanga. Binti yake ndiye aliyefungua. Macho yake yalisema yote ambayo mama yake hakuyasema. Bibi akatoka, akamgusa mbuzi masikio, akasema ni mzuri. Nikamwambia anaweza kukaa kwangu mpaka safari, mwenye nyumba asije akaleta maneno.

"Hapana, mwanangu. Tutakaa naye."

Mbuzi aliishi kwenye ua wa nyuma wiki tatu, kafungwa dirishani, na binti akilumbana na mwenye nyumba kila asubuhi. Sauti zilifika hadi kwetu. Kila wakianza, mke wangu aliacha kufagia, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea.

Kambi haikufungwa. Wanyama waliendelea kuletwa, hata miaka ya elfu mbili, wakafika ishirini na tisa. Lakini tangu wiki zile anayepokea getini ni mke wangu. Aliliamua mwenyewe, akaniambia tu: "Wewe kata majani. Watakayosema nitayasikia mimi." Anamuuliza kila mtu mara mbili: unamwacha au unamweka? Utarudi lini? Mimi huwa kule nyuma na mundu. Mtu akija akaniuliza kama ndimi mwenye pale, namwonyesha upande wa getini.