Miaka tisa nje ya ukuta, wimbo mmoja ndani

Saa kumi na robo alasiri, mjini Purwokerto. Pikipiki ya mia mbili na kumi na tatu inaingia uwanjani mbele ya ukumbi, na Narsun anaipokea kwa mikono miwili.

"Nyuma, nyuma, nyuma... kushoto kidogo... hapo hapo! Usifunge usukani, Mas, kaka yangu."

Kisha analaza kipande cha boksi juu ya kiti, ili mwenyewe akirudi kiti kisije kikamuunguza makalio.

Narsun, mwenye umri wa miaka 54, anaishi kwa kupanga pikipiki za watu. Kila moja humpa rupia elfu mbili, na siku zisizo na shughuli hurudi nyumbani na hela ya mchele tu. Za muziki ndizo siku zake.

Leo wanapiga Jemuran Senin, kundi kutoka Malang ambalo si geni hapa, lililo katika ziara ya miji kumi na miwili. Muziki wao si wa kubembelezea mtoto. Gitaa linalia kwa huruma hadi unaanza kukumbuka marehemu wako, halafu ghafla mtu anapiga ukelele kama aliyekanyaga msumari.

Narsun anaupenda kufa. Ila kwa miaka tisa ameusikia kupitia ukuta tu. Pikipiki huachwa bila kufungwa usukani ili aweze kuzisogeza, kwa hiyo hathubutu kuzipa kisogo hata dakika moja. Ikipotea moja, wa kujibu ni yeye.

"Nyimbo zao zote nazijua kwa mtikisiko," anasema, kiganja kikiwa ukutani. "Lakini huyo mpiga kelele sijawahi kumwona. Nadhani ni jitu, shingo kama ya nyati. Namwonea huruma koo lake."

Amemletea chupa ya maji ya tangawizi. Anataka kumwona kwanza akiimba, kisha ampe mkononi.

Safari hii mkewe, Turyati, anayeuza getini tempe, vipande vya soya vya kukaanga, amekubali kumshikia zamu.

"Wimbo mmoja, Pak, mzee wangu! Ukizidisha, pikipiki zote nazigawa sadaka."

"Ukizigawa, maboksi yangu yabaki," anajibu Narsun.

Muziki lazima ukome kabla ya magharibi. Saa kumi na moja na nusu Galih, mwenyekiti wa kamati, anachungulia mlangoni: "Pak Narsun, wa mwisho huu!" Mzee anatimua mbio, kizibao chake cha rangi ya machungwa kifuani, kipenga shingoni, chupa mkononi.

Hajapiga hatua kumi ndani, watu wanaanza kugongana mabega. Wanasukumana, mmoja anaanguka, anainuliwa huku anacheka. Ndivyo wanavyocheza. Narsun anachokiona ni pikipiki zinazokwaruzana.

Mkono unakwenda wenyewe. Kipenga kinalia.

"Nyuma! Nyuma! Wa kushoto kaa kushoto! Wewe mwenye nywele, unakwenda wapi? Acha njia katikati!"

Mashabiki hawa amewapangia pikipiki tangu wako sekondari. Wanatii. Punde umati umegawanyika pande mbili, mistari imenyooka, na katikati amebaki Narsun peke yake, mikono ameinyoosha.

Sasa, wapenzi wa muziki huu wana mchezo wao: hugawanyika hivyo hivyo, hungoja ukelele, kisha hukimbiliana kwa kasi. Narsun hakuwa na habari. Kule jukwaani kundi lilidhani kamati imeajiri mtaalamu.

Ukelele ukapigwa. Pande zote mbili zikaja.

"Nilishapiga shahada," anakumbuka. "Nikasema, Turyati, pikipiki ni zako."

Hakupata hata mchubuko. Walimnyanyua chali juu ya vichwa vyao, macho kwenye mabati ya paa, wakampitisha ukumbi mzima huku akipuliza na kufoka: "Polepole! Polepole!" Walipomtua mlangoni, wimbo ulikuwa umekwisha.

"Haya, umemwona?" Turyati akauliza.

Hapo ndipo akili ilipomrudia. Alipokuwa akiwapanga, jukwaa lilikuwa mgongoni kwake.

"Niliona aibu, na machozi yalinilengalenga," anakiri. "Miaka tisa, Mas. Kugeuka tu!"

Binti mwembamba akamkaribia, sauti imemkauka.

"Mbak, dada, pikipiki yako ipi?" Narsun akamuuliza.

"Sina, Pak. Mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele."

Narsun akaitazama ile shingo. Haikuzidi ya chupa aliyoishika. Akampa tangawizi.

Wening, mwimbaji huyo, alimwomba aende Tegal Jumamosi awapangie watu tena. Narsun atapanda treni ya asubuhi, ila ametoa sharti: watu wajipange wenyewe, yeye asimame mbele kabisa, atazame.

Na kipenga?

"Hiki kinabaki kwangu," anasema Turyati, ambaye ameshakivaa. Anakipuliza mara moja kukijaribu.

Narsun, bila kufikiri, anarudi nyuma, kushoto kidogo.