Msimamizi wa Kompyuta ya Mke Wangu

Fundi aliyetufungia kompyuta pale Tegeta aliniuliza, "Bosi, neno la siri la msimamizi mtalijua wote wawili, au wewe peke yako?" Mke wangu alikuwa jikoni, akimchemshia chai fundi huyohuyo. Nikajibu, "Mimi peke yangu." Leo natamani ningelimeza jibu hilo kabla halijanitoka.

Kompyuta ilikuwa yake. Alikuwa mpiga chapa wa shirika la umma, na walipopunguza wafanyakazi aliinunua kwa kiinua mgongo chake, akaanza kuchapa kadi za harusi sebuleni. Kuchapa hakukuhitaji ruhusa. Lakini akitaka kuongeza printa au aina mpya ya herufi, mashine ilisimama na kudai neno la siri la msimamizi.

"Bwana mkubwa, njoo ufungue stoo yako," alikuwa akinitania mwanzoni.

"Geuka ukutani kwanza."

Aligeuka, asione ninachoandika, huku akicheka. Baadaye akawa anageuka bila kucheka.

Wateja wake wengi walikuwa makatibu wa kamati za harusi, na makatibu hao ni wanaume. Mmoja, mwenye shati lililopigwa pasi kama la bwana harusi mwenyewe, aliniambia, "Shemeji, mkono wa mkeo una baraka." Nilicheka naye, lakini chai nikaiacha nusu. Na si wivu wa mke tu ulioniumiza. Mimi karani wa stoo kiwandani hakuna aliyewahi kunisifia mkono.

Siku moja printa iliharibika, na katibu yule akaleta nyingine. Mke wangu akanipigia simu kiwandani.

"Baba watoto, nitajie hilo neno. Kadi zinatakiwa magharibi."

"Nani yuko hapo?"

"Katibu, na dada yake bibi harusi."

"Nisubirini."

"Nimejaribu jina langu, nikajaribu ya watoto. Yote yamekataa. Umeweka nini, mume wangu?"

Nilikata simu. Nilikuwa nimeweka jina la timu yangu ya mpira. Nilipotoka kazini nikapitia kijiweni, nikanywa kahawa taratibu, nikijua anahesabu dakika.

Nilipofika, kompyuta ilikuwa imefunikwa kanga. Kadi yeye na wateja wake walikuwa wamezipeleka kuchapwa Magomeni.

"Alikusindikiza nani?" nikauliza.

"Leo sigeuki ukutani," alisema. "Neno lako kaa nalo."

Nilibadilisha neno juma lile lile, nikaweka gumu zaidi. Naye akaenda kwa dada yake Kinondoni, akaanza upya kwa taipureta ya kuazima. Kompyuta aliniachia. Katibu yule, nilikuja kujua, hakuwahi kumtaka hata siku moja.

Niliombwa talaka, nikaitoa kwa hasira. Watoto walimfuata mama yao. Neno la siri nimeshalisahau, na katika nyumba hii naishi peke yangu.