Paa Nililopanda Ujapani

Kitu cha kwanza kuniudhi katika ule mji wa kale wa Ujapani ni samaki. Walikuwa wakubwa, wengine wekundu, wengine weupe, wakiogelea taratibu kwenye mitaro ya kando ya barabara, mbele ya milango ya watu, na hakuna aliyewagusa. Mimi mzaliwa wa Sindo, kando ya ziwa. Samaki wa ukubwa ule akipita mlangoni kwetu hafiki kwa jirani. Mwenyeji wetu alipoona nilivyowakodolea macho alicheka, akasema hao ni wa kutazamwa tu. Basi nikatazama, lakini kwa uchungu.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule moja ya Uriri. Tulikuwa walimu wanawake wachache tuliopelekwa huko kwa mafunzo, na kabla ya kurudi nyumbani tukatembezwa milimani. Nakiri kwamba mji ule uliniteka. Nyumba za mbao zilizokolea weusi zilikuwa zimesimama tangu enzi za babu wa babu zao, na bado watu walipika na kulala humo. Kila asubuhi mtu alifagia mbele ya mlango wake, kisha akaendelea kidogo na mbele ya mlango wa jirani. Misitu ya mlimani ilikuwa imegeuka rangi, nyekundu na manjano, hata siku ya kwanza nikadhani kuna moto unaowaka nikashangaa mbona hakuna anayekimbia. Tulikwenda kwenye maporomoko ya maji, tukaoga katika chemchemi ya maji moto pamoja na akina mama wa huko, sote uchi kama tulivyozaliwa. Nilijikunyata pembeni mpaka bibi mmoja akanivuta mkono na kuanza kunisugua mgongo.

Siku ya mwisho tulivuka daraja, na ng'ambo ya mto nikaona nyumba za nyasi. Moyo uliniruka. Kwetu wakati huo nyasi zilikuwa aibu, kila mtu akiota mabati, na hapa watu walikuja kwa mabasi kuzipiga picha. Paa moja lilikuwa likiezekwa upya. Kijiji kizima kilikuwa juu yake, wanaume kwa wanawake, wakipokezana miganda kutoka chini hadi kileleni. Mwenye nyumba, mwanamke mzee, alizunguka na birika la chai akiwatania waliokuwa juu.

Nikamwuliza mwenyeji wetu mume wa mama yule yuko wapi.

"Alikufa zamani," akajibu.

"Na nani amemrithi?"

Hakunielewa. Ikabidi nimweleze habari za mama yangu. Baba alikuwa amefariki, na kwa desturi yetu nyumba ya mjane haiwekwi nyasi mpya kabla hajarithiwa na ndugu wa mumewe. Mama, mtu wa kanisa, alikataa katakata. Mdogo wake baba ndiye aliyekuwa fundi wa kuezeka aliyesifika kuliko wote pwani yetu ya ziwa, lakini hakuthubutu kupanda. Hakuwa na tamaa na mama. Wake zake wawili walimtosha. Aliogopa chira, ule mkosi unaomkondesha avunjaye mwiko mpaka afe. Basi mama alikata nyasi mwenyewe, akazisimamisha nyuma ya jiko, na mvua ikinyesha alihamisha kitanda kutoka pembe hii hadi ile. Ukuta mmoja ulikuwa umeanza kumomonyoka. Masika mengine tu, na nyumba ingeanguka.

Mwenyeji wetu alisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini paa linavuja," akasema.

Akina mama wakaniita juu. Kwetu mwanamke hapandi paa. Nilipanda, nikapewa mganda, nikaonyeshwa pa kuufunga. Kutoka kule niliona bonde zima, mto, mashamba ya mpunga yaliyovunwa, milima nyuma ya milima. Sijawahi kuona mahali pazuri namna ile. Nikalia, na kilichoniliza ni wivu tu.

Mwezi wa Januari, jua likiwa kali, nilifika kwa mama, nikavua viatu nikaegemeza ngazi ukutani.

"Mwanangu, unataka nikuzike?" mama akauliza. Lakini alikwenda nyuma ya jiko akarudi na mganda.

Nilifunga kama nilivyofundishwa, nyasi nene kama godoro, mganda juu ya mganda. Baba mdogo alikuja akasimama kwenye ua wa miti, mikono nyuma. Nilijua ananihesabu miongoni mwa wafu.

Ghafla akapiga kelele. "Wewe! Hizo fito ni za mjomba wako? Utaziangusha! Nyasi zote hizo za nini, unajenga ghala?"

"Ndivyo wanavyoezeka Ujapani, baba."

"Ujapani wana miti ya kubeba! Hii ni nyumba ya udongo! Shuka! Shuka, unaniaibisha!"

Nikaendelea kufunga. Nilimsikia akilaani, kisha ngazi ikalia. Alinisukuma pembeni, akang'oa kazi yangu yote kwa hasira akaanza upya kutoka ukingoni, safu nyembamba, zilizonyooka. Kazi ikakolea. Bila kutazama chini akanyoosha mkono, na mama akamrushia mganda.

Likizo ya Aprili nilikuwa pale masika yalipoanza. Ilinyesha usiku kucha. Asubuhi baba mdogo alikuja, mzima wa afya, hana hata mafua. Hakusalimia mtu. Aliingia ndani, akainama, akapapasa sakafu ya mama kwa kiganja kutoka pembe hadi pembe. Ilikuwa kavu.