Mfereji Uliopinda

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Watu walimwita Kijiko, kwa sababu ya mtambo aliouendesha, ule wa magurudumu manne wenye beseni pana la kuzoa mbele na mkono mrefu wa kuchimbia nyuma. Kwa mtambo huo alichimba misingi ya maghorofa, akapakia vifusi kwenye malori, akasawazisha viwanja hadi mpira ukiachwa haujui uviringike wapi. Mwezi huo alikuwa kwenye bustani ya hoteli. Alichimba bwawa la samaki, akainua kilima cha nyasi, akayashusha mawe makubwa mahali pake taratibu, kama anayelaza mtoto aliyesinzia.

Jioni alirudi kwake, akaruka tofali hadi tofali juu ya tope ili aufikie mlango.

Nyumba yake ilikaa bondeni. Mvua ikinyesha, maji ya mtaa mzima yalikuja kwake bila hodi na kuingia hadi uvunguni mwa kitanda. Dawa ilikuwa moja: mfereji kutoka nyuma ya jiko hadi mtaro wa barabarani. Kwa mtambo, kazi ya asubuhi moja. Lakini kila alipomwomba bosi wake, jibu lilikuwa kesho, na kesho haina mwisho.

"Unachimbia watu hata samaki wao," mkewe alimwambia, akikamua dekio, "mkeo analala na vyura."

"Mganga hajigangi, mama."

"Basi nionyeshe mganga mwingine."

Hatimaye bosi akakubali: Jumapili, na mtambo urudi kabla ya alasiri. Uchochoro wa kwa Kijiko ulikuwa mwembamba mno, hivyo njia ilikuwa kupitia ua wa jirani, mshonaji mstaafu. Mzee aliafiki kabisa, akaahidi kung'oa fito za uzio yeye mwenyewe.

Jumapili Kijiko alifika na mtambo unaunguruma, akamkuta mzee amesimama mbele ya uzio, fito zote zipo.

"Mke wangu amerudi safari," mzee alisema, akitazama chini. "Anasema maua yake hayakanyagwi."

"Mzee wangu, si tulikubaliana juzi?"

"Juzi nilikuwa mimi ndiye mwenye nyumba."

Kijiko alimeza maneno aliyotaka kusema, maana ni jirani, na kesho wataonana tena. Alirudisha mtambo nyuma hadi mdomoni mwa uchochoro, akashusha miguu ya kuuegemeza, akaunyoosha mkono juu ya ukuta mfupi wa ua wake. Alikuwa haoni chini vizuri, kwa hiyo mkewe akasimama uani kumwelekeza.

"Kushoto! Hapana, kushoto kwangu!"

"Kwako ni wapi?"

"Huku ninakoonyesha!"

Hata hivyo kazi ilikwenda. Udongo ulitoka, mstari ukaanza kunyooka, na Kijiko akaanza kupiga mluzi. Ndipo kitu kikalia *ka!* chini ya ardhi, na maji yakaruka juu kuliko paa.

Bomba! Miaka yote ya kazi hakuwahi kukata bomba la mtu. Na hili lilitakiwa kupita kando ya ukuta, kama alivyomwagiza shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyelilaza. Shemeji alikuwa amekata njia katikati ya ua ili asichimbe sana, akanyamaza.

"Kaka yako!" Kijiko alifoka, akizima mtambo.

"Kaka yangu ameingiaje? Yeye ndiye aliyeshika usukani?" Mkewe alikuwa amelowa chapachapa. "Mvua yenyewe bado, wewe umeshatuletea mafuriko!"

Koki ya nyumba zote mbili ilikuwa kwa jirani. Mzee akakimbia kuifunga, na papo hapo mke wa mzee akatokea na povu la sabuni kichwani, akiuliza nani amemkatia maji. Muda aliopewa Kijiko na bosi ulikuwa umewadia. Aliurudisha mtambo, mfereji ukiwa nusu.

Aliporudi alimkuta shemeji amekuja na kipande cha bomba, anaunga.

"Shemeji, kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Kijiko alishika jembe, kwa sababu ilikuwa lazima mikono ishike kitu. Walichimba wote wawili, wakikwepa bomba, wakikwepa msingi wa jiko, viganja vikatoka malengelenge. Mtu aliyehamisha vilima kwa vidole viwili kwenye usukani alikuwa anahema kama mbwa aliyekimbizwa.

Mvua kubwa ilikuja wiki hiyohiyo, mchana. Maji yalishuka kwa kishindo, yakaingia mferejini, yakafika pale kazi ya mtambo ilipokutana na kazi ya jembe, yakasita, yakapiga kona, yakaenda zake barabarani. Ndani hapakuingia tone. Mkewe alicheka peke yake, akavuta kiti mlangoni atazame vizuri.

"Si umependeza mfereji wetu?" alimuuliza mumewe aliporudi kazini jioni.

"Umepinda," alisema Kijiko, na akasonya. Kijana wa kazini angechimba mfereji kama ule, Kijiko angemwambia afukie aanze upya.