Samaki Niliyemchagua kama Kifaranga

Mwezi uliopita basi la Mbeya liliposimama Iringa, mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa asili ya Pwani, alichungulia ndoo niliyoipakata. Ndani mlikuwa na maji ya bahari na samaki watatu wa mapambo, niliowatoa Dar es Salaam. Nyumbani mke wangu alikwisha kuondoa redio mezani, sanduku la kioo la kufugia samaki lipate nafasi.

"Baba, huyu wa madoa kakuchagulia nani?"

"Nimemchagua mwenyewe," nilijibu kwa maringo. Kwetu kifaranga wa kufuga huchaguliwa hivi: unamwaga chenga za mchele, anayewahi kula ndiye wako. Kwa mvuvi aliyeniuzia nilimwaga makombo ya dagaa, na huyu aliyakomba yote kabla wenzake hawajageuka.

Mama alipiga kofi moja la mshangao. "Huyo ni chewa! Akikua hatoshi hata kwenye beseni. Na hao wawili ni kitoweo chake."

"Mbona wamekaa naye vizuri tangu asubuhi?"

"Alikuwa hajasikia njaa. Watenge!" Akaninyooshea sufuria mpya ya biashara yake.

Nilikataa. Mtu aliyetembea nchi nyingi kama mimi atafundishwaje samaki ndani ya basi?

Tulipofika Makambako nilichungulia tena. Samaki alikuwa mmoja, tumbo limejaa, ananitazama kwa macho maangavu. Mama aliangalia dirishani kwa adabu, mabega yakimtikisika.

Mke wangu alinipokea stendi ya Mbeya, akatazama ndoo. "Huyu tunamfuga, au nikune nazi?"

Nazi ilikunwa, na redio imerudi mezani. Siku hizi imo ndani ya sanduku la kioo, na wageni wanaisifu sana.