Kiti Kilichotoka Damu Nkubu

Niliamini kabisa kwamba mti uliokatwa kwenye kichaka kitakatifu cha wazee hutoa damu, na fundi anayeupiga msasa hamalizi siku tatu. Mimi, mwenye cheti cha shule ya jioni!

Juzi hapa Nkubu nilipiga msasa kiti cha mti wa muringa, nikakimwagia mafuta ya mbao kama ninayekaangia harusi nzima, nikakianika juani, nikaenda kula. Kurudi, matone mekundu yamejaa kwenye kiti. Nilipiga mayowe yaliyofika Meru mjini.

Mama Karimi, mwenye karakana aliyeniajiri, akatoka mbio na mwalimu aliyekuja kuchukua kiti chake.

“Mama Karimi, nakufa! Huu muringa ulitoka wapi?”

“Kwa shamba letu. Kwani?”

“Unatoa damu! Nisamehe kabla sijaenda. Nilikudanganya, sijawahi kupaka mbao mafuta maisha yangu yote!”

Mwalimu akavua kofia. Mama Karimi akafuta tone moja kwa kitambaa, akalinusa, akaniangalia.

“Ni mafuta, Mutuma. Hukupangusa vumbi jekundu la mbao, ukapaka mengi, na jua limeyarudisha juu.”